Vidonge vya spironolaktoni: miezi minane yangu, Kigoma

Nilikuwa nanyoa kidevu kila alfajiri kabla mume wangu hajaamka, kisha najitanda ushungi kuficha utosi uliopungua nywele. Duka moja la dawa hapa Mwanga liliniuzia vidonge hivi bila kunipima, wala kuniuliza kama nina mimba. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Sifa zangu ni kwa daktari wa kike niliyemwona baadaye. Alinipima presha, figo, potasiamu (madini ya kwenye damu) na homoni. Akanieleza taratibu kwamba spironolaktoni ni dawa ya kupunguza maji mwilini, ila pia inazuia homoni za kiume zisifanye kazi kwenye mashina ya nywele. Nilianza na miligramu 50, sasa 100, pamoja na vidonge vya majira.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kwenda chooni tu, na kizunguzungu nikiinuka ghafla. Nililia. Mwezi wa saba nikamaliza siku nne bila kushika wembe. Nikajipapasa kidevu, vinyweleo laini kama vya mkononi!

Utosini mambo ni ya polepole. Kitana hakitoki tena na mafundo ya nywele, lakini zilizoota ni chache, hivyo nimeongezewa minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Msusi wangu wa Ujiji anasema mstari wa katikati umeanza kuziba. Potasiamu napima tena mwezi ujao.