Gari likivuka mpaka: bima ipi ukate, na nani atakuvuta ukikwama

Pale Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kabla hujalifikia dirisha la forodha, utafuatwa na vijana wenye makaratasi mkononi: "Mzee, bima ya Kenya unayo?" Swali lao ni la haki. Stika uliyoikata Arusha inaishia mpakani. Ukishapita geti, mbele ya sheria ya Kenya unaendesha gari lisilo na bima, hata kama nyumbani umelipia mwaka mzima. Ndivyo ilivyo kwenye mipaka ya Sirari na Horohoro, na Mutukula ukiingia Uganda au Rusumo ukiingia Rwanda.

Mimi ni wa Arusha na Noah yangu nimeipeleka Nairobi na Kampala mara nyingi. Bima za safari hizo nimezikata kwa kila njia, za busara na za haraka haraka, kwa hiyo hapa nazipanga kuanzia ile ambayo ningemkatia mdogo wangu akiniambia kesho anasafiri.

Ila kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mawakala hupenda kuyachanganya. Kuna hasara unayomsababishia mtu mwingine, kuna hasara ya gari lako mwenyewe, halafu kuna gari kukataa tu njiani bila kugonga wala kugongwa. Ni nadra karatasi moja kubeba yote matatu. Wakala akikwambia "umekava kila kitu", muulize moja baada ya jingine, na majibu akuoneshe kwenye maandishi.

Namba moja: bima kubwa iliyopanuliwa mipaka, pamoja na Kadi ya Njano

Kadi ya Njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ndiyo msingi wa safari za ukanda huu. Mkataba wake ulisainiwa mwaka 1986 na kazi ikaanza 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi ilibaki, na ndiyo maana gari la Dar es Salaam linaitumia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo, Zambia na Malawi. Unaikata kwa kampuni ileile iliyokukatia bima ya nyumbani, kwa sababu kadi ni nyongeza: bila bima hai ya kwenu hupewi, na siku zake haziwezi kupita tarehe ya mwisho ya bima hiyo.

Inachofanya ni kulipa madai ya mtu uliyemuumiza au kumharibia mali, kwa kiwango cha sheria ya nchi uliyopo. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kenya, kwa mfano, sheria yao ya bima ya magari, Sura ya 405, inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Wewe wa Arusha huhitaji kuijua sheria hiyo, kadi yako inajipima nayo yenyewe. Madai nayo hayasubiri kampuni yako iliyo mbali, maana kila nchi ina ofisi yake ya kuyashughulikia: Kenya ni Kenya Re, Tanzania ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Dereva na abiria nao wana fungu la matibabu ya dharura, lakini lina kikomo, usilifanye bima ya afya.

Gari lako mwenyewe kadi hailigusi. Hata senti. Ndiyo maana nasema bima kubwa *iliyopanuliwa*. Chukua mkataba wako wa bima kubwa, ile inayolipa na hasara ya gari lako mwenyewe, tafuta sehemu inayotaja eneo au mipaka ya kijiografia. Wangu uliandika Tanzania peke yake, mstari mmoja mfupi katikati ya ukurasa wa masharti, na nilikaa nao kabatini miaka miwili bila kuusoma. Maana yake nikipinduka Kajiado nalipa mwenyewe kila kitu, ingawa nina bima kubwa. Dawa ni kuomba nyongeza ya eneo, iandikwe na igongwe mhuri kabla hujaondoka, ikitaja kila nchi utakayokanyaga, hata ile unayopita tu. Anayetoka Mwanza kwenda Kigali kupitia Masaka ahakikishe Uganda nayo imetajwa. Kadi nayo ikague vivyo hivyo. Ongezeko la malipo kwa safari moja nimeliona dogo mno ukililinganisha na bei ya taa moja ya mbele.

Namba mbili: bima ndogo na Kadi ya Njano

Bima ndogo inalipa hasara ya mtu mwingine tu. Kwa gari kuukuu ambalo likiangamia utaumia lakini utaendelea kuishi, hii inatosha. Sheria umeitimiza na aliyeumizwa na gari lako atalipwa. Namuheshimu mtu anayeichagua huku akijua anachokikosa. Ninayemhofia zaidi ni mwenye bima kubwa isiyopanuliwa, maana akivuka mpaka anakuwa sawa kabisa na huyu wa bima ndogo, tofauti ni kwamba yeye hajui, na anaendesha kama mtu aliyekingwa.

Namba tatu: bima ya kukata mpakani

Hii ni bima ndogo ya nchi unayoingia, ya siku chache. Inafaa pale tu safari ilipokuja ghafla, msiba usiku wa Jumamosi na ofisi za mjini zimefungwa. Ni ya nchi moja. Arusha hadi Kampala kupitia Nairobi utakata Namanga, ukifika Busia au Malaba ukate nyingine. Na mpakani kuna vishoka, matapeli wanaojifanya mawakala. Usimpe pesa mtu wa mkononi, ingia ofisi yenye kibao, hakikisha namba ya gari, namba ya chesisi na saa ya kuanza vimeandikwa sawa, na cheti kihakikiwe mbele yako kwenye mfumo wa mamlaka ya nchi husika. Anayekuja Tanzania, stika inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, kazi ya dakika moja kwenye simu.

Kwa wanaoshuka kusini zaidi, Kadi ya Njano haitumiki Afrika Kusini, Botswana wala Namibia. Huko kuna mifuko ya ajali inayochangiwa kupitia bei ya mafuta, na inahusu watu walioumia. Bati la gari, lako au la uliyemgonga, linabaki mikononi mwako, kwa hiyo nyongeza ya eneo huko ina uzito zaidi kuliko Kenya.

Sasa, gari limezima porini

Hapa nina kovu. Mchana, kati ya Bissil na Kajiado, mshale wa joto ukapanda, nikaegesha, nikafungua boneti, maji yote yako chini. Nikapigia kampuni yangu ya bima. Binti wa simu alinisikiliza kwa adabu akauliza, "Kaka, umegonga au umegongwa?" Hapana. "Basi hiyo si ajali, ni ubovu." Alikuwa sahihi. Bima kubwa ni ya ajali, moto na wizi, pampu ya maji iliyochoka haimo. Mwenye bredauni, gari la kuvuta magari mabovu, aliyekuja alinitajia bei akiwa ameshafunga mnyororo kwenye gari, na mnyororo ukishafungwa hakuna mapatano tena. Nililipa, huku watoto wamekaa juani kwenye mabegi.

Tangu siku hiyo msaada wa njiani naupanga hivi. Bora kuliko vyote ni huduma ya kuvutwa inayotamka kwa maandishi kwamba inafanya kazi nje ya nchi na kwa ubovu pia. Ukiipata, uliza kikomo ni kilomita ngapi au shilingi ngapi, na gari linapelekwa kwa nani. Ukiikosa, uanachama wa chama cha magari cha nchi unayokwenda ni mzuri kwa anayevuka mara kwa mara. AA ya Kenya ipo tangu enzi za ukoloni na inatoa huduma ya uokoaji barabarani. Kwa safari moja ya mwaka, mimi naona inatosha kuwa na fundi mmoja anayeaminika katika kila mji mkubwa wa njiani, namba zake ukiwa umezipiga na zikapokelewa kabla ya safari, laini ya simu ya nchi hiyo yenye pesa, na akiba ya kuvutwa isiyoguswa kwa jambo jingine. Pembetatu mbili, kizima moto na kamba ya kuvutia viwe ndani ya gari. Bei ya bredauni mpatane kabla mnyororo haujagusa gari, iandikwe kwenye ujumbe wa simu, pamoja na mahali gari litakapoteremshwa.

Ikiwa ni ajali kweli, usisaini karatasi ya kukubali kosa wala usiahidi malipo barabarani. Piga picha, toa taarifa polisi siku hiyohiyo, na usiondoke nchini bila nyaraka zao. Kenya kampuni itakudai abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya muhtasari wa ajali, Tanzania majeruhi ataombwa PF3, fomu ya polisi, hospitalini.

Jambo la mwisho limewagharimu madereva wengi ninaowafahamu. Kibali cha muda cha kuingiza gari, unachopewa na forodha pale mpakani, kina tarehe, na tarehe hiyo haisimami kwa sababu gari liko juu ya mawe gereji. Ikipita, kuna faini, na gari linaweza kushikiliwa. Fundi akikwambia kipuri kinatoka Dar na kitachukua wiki, siku hiyohiyo nenda ofisi ya forodha iliyo karibu ukaombe kuongezewa muda, na barua ya fundi na kadi ya gari mkononi.