Chaja ya gari la umeme kwa mkazi wa Dodoma: ipi ununue kwanza

Wanaotaka gari la umeme hapa mjini huanza kuuliza bei ya chaja. Mimi huwarudisha kwenye safari zao. Mtu anayekaa Nkuhungu na kufanya kazi Mji wa Serikali Mtumba, kwenda, kurudi na kupitia sokoni, kwa kawaida hazidishi kilomita 50 kwa siku. Gari dogo hutembea kama kilomita sita kwa uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja. Usiku anarudisha uniti nane na kidogo, tuseme kumi kwa sababu nyingine hupotea kama joto. Uniti ikiwa Sh 350 hivi, ni Sh 3,500. Uniti kumi hazitaki mtambo. Zinataka waya mzuri.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni chaja ya kubeba ya ampea 16 kwenye laini yake yenyewe. Fundi anavuta waya wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka men swichi, anauwekea breka yake na kinga ya kukata umeme unapovuja, kisha anafunga soketi ya duara ya bluu kama zile za majenereta. Unapata kilowati tatu na nusu, na uniti zako kumi zimeingia kwa muda wa saa tatu hivi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na usimwachie aondoke hajapima ethi, ule waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini. Udongo wetu ukikauka, Septemba na Oktoba, ethi iliyokuwa nzuri wakati wa mvua hudhoofika, na chaja nyingi zikigundua hivyo hugoma kabisa. Watu wanalaumu chaja kumbe tatizo ni fimbo fupi iliyochomekwa kwenye vumbi.

Nafasi ya pili naipa chaja ya ukutani ya ampea 32, yaani kilowati saba. Ni nzuri, lakini soma kwanza makaratasi ya gari. Chaja yenyewe hasa imo ndani ya gari. Hicho cha ukutani kinapitisha na kulinda umeme tu. Nissan Leaf nyingi za zamani kutoka Japani hupokea kilowati 3.3, nyingine 6.6. Ukiwa na ya 3.3, chaja ya kilowati saba itabaki pambo. Halafu ampea 32 kwenye umeme wa njia moja, hita ya maji ikiwaka na jiko likipika, breka itaruka tu. Za njia tatu, kilowati 11 au 22, waachie wenye hoteli.

Tazama pia tundu la kuchajia la gari. Leaf ya Japani ina aina ya 1 (Type 1) kwa umeme wa kawaida na CHAdeMO kwa kuchaji haraka. Magari ya Ulaya hutumia aina ya 2 na CCS2. Ya soko la China hutumia GB/T. Na ule waya unaokuja na gari la Japani ulitengenezwa kwa volti 100 au 200. Hapa ni 230. Usiuchomeke kabla fundi hajausoma.

Sola ni ya tatu, na inaniuma kuiweka hapo kwa jua hili tulilonalo. Shida ni kwamba jua likiwaka gari liko ofisini. Ukitaka kulichaji usiku lazima ununue betri za nyumbani, na hapo bei inapaa. Kwa aliyestaafu au anayefanyia kazi nyumbani, naipandisha iwe ya kwanza.

Mwisho kabisa, plagi ya kawaida ya ampea 13. Nilianza nayo nikiwa nimepanga mtaa wa Kisasa, tena kwa ekstensheni iliyopita dirishani. Wiki ya pili nikaamshwa na harufu ya plastiki. Fundi akaitazama soketi iliyoyeyuka, akacheka: “Kaka, hii ni ya pasi, wewe umeipa zamu ya usiku kucha.” Ukilazimika, shusha chaja hadi ampea 8 au 10, na ekstensheni isiwepo.

Wapangaji wanaochangia LUKU wafunge mita ndogo kabla gari halijafika. Uniti zikianza kuisha upesi, wa kwanza kutajwa utakuwa wewe. Na kama nyumba iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litavuka kiwango hicho ndani ya wiki mbili.

Chaja za haraka huzinunui, unazitafuta njiani. Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, na Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24, ikiwa imeshachoka, hata Gairo, njiani kuelekea huko, huenda isikufikishe. Safari hizo mimi naiachia treni ya SGR tangu 2024, nayo ni ya umeme.