H614D: mbegu nzuri ya nyanda za juu, mradi usiibane

H614D, chotara ya mahindi, iko sokoni tangu 1986, na kwa wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, Kenya, haihitaji kutambulishwa. Ni ya mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,100, hukaa shambani miezi sita na zaidi, na punje zake ni nyeupe, nzito, zenye kujaza gunia. Sifa hizo zinajulikana. Tunachopima hapa ni umbo la mmea wenyewe na jinsi unavyopokea jua, kwa sababu ndilo linaloamua upande kwa nafasi gani.

Ukoo wake ni wa zamani. Mfululizo wa H600 ulianza Kitale kwa H611, iliyotolewa 1964 kwa kuchanganya Kitale Synthetic II na Ecuador 573, mahindi ya milima ya Andes. Matokeo ni mmea mrefu unaopita mita mbili na nusu kwa urahisi, gunzi likiwa juu, mbelewele (maua ya kiume ya kileleni) kubwa, na majani mapana yanayoinuka kidogo kisha kukunjika katikati na kuning'inia. Ukisimama kati ya mistari miwili wakati wa kuchanua, majani ya pande zote yamekutana kifuani.

Kwingineko wazalishaji wa mbegu waligeuza umbo hili. Marekani, mahindi ya miaka ya 1930 yalipandwa miche kama 30,000 kwa hekta; chotara za leo hufika 80,000 hivi. Mche mmoja ukiwa na nafasi tele hauzai sana kuliko wa zamani. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuvumilia msongamano. Majani yamesimama, mbelewele imepungua, na ndevu za gunzi hazichelewi kutoka. Mexico, CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ilichagua mahindi ya Tuxpeño kwa ufupi peke yake: baada ya mizunguko 15 kimo kilishuka kutoka sentimita 282 hadi 179, na mazao yakapanda.

Sababu iko kwenye hesabu ya mwanga. Chukua shamba lenye mita 4 za mraba za majani juu ya kila mita ya mraba ya ardhi. Majani ya kulala huacha kama asilimia 7 tu ya mwanga ifike chini. Ya kusimama huacha kama asilimia 20. Kwa hiyo chotara ya majani yaliyosimama ikipandwa kwa nafasi kubwa inapoteza jua kwa magugu. Ya majani yaliyolala, kama H614D, hufunika ardhi kwa miche michache, na hilo ni jema. Ila ukiisonga, majani ya juu yanapokea mwanga kuliko yanavyoweza kuutumia vizuri, na lile la gunzi pamoja na majirani zake, ambayo ndiyo hulisha punje, yanabaki kivulini. Kitale iko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana liko utosini, kwa hiyo tofauti hii huonekana zaidi kuliko kwenye nchi ambako jua hupita chini chini.

Nafasi tunayoipendekeza ni sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo: karibu miche 18,000 kwa ekari. Rutuba ikiwa nzuri na mvua ya uhakika, 75 kwa 25 inawezekana, yaani 21,600 hivi. Usifike 75 kwa 20 (27,000) kwa mbegu hii, hata ukiwa na mbolea ya kutosha. Wengi hupanda miche miwili kwa shimo kila sentimita 60. Idadi ni ileile ya 75 kwa 30, lakini miche hiyo hugombania mwanga na maji mahali pamoja na mmoja hubaki nyuma. Ukiweka mbegu mbili, punguza wiki ya tatu, ardhi ikiwa na unyevu.

Ukiibana, dalili huja kwa mpangilio huu. Kwanza mimea hurefuka haraka na bua huwa jembamba, kwa kuwa mmea hutambua mwanga unaorudishwa na majani ya majirani na kuanza kukimbilia juu. Halafu ndevu huchelewa. Zikipitwa na mbelewele kwa siku tano au zaidi, chavua imepungua na gunzi hutoka na mapengo au bila punje kabisa. Mwisho ni upepo: gunzi zito lililo juu kwenye bua jembamba hulala, na likigusa udongo huoza. Kuongeza mbolea ya CAN hakutibu hili, huongeza majani na kivuli.

Kipimo rahisi: mahindi yakichanua, saa sita mchana siku ya jua kali, laza fito ya mita moja chini, kimshazari toka mstari hadi mstari, pima sehemu zenye mwanga. Zikifika sentimita 5 hadi 10 jumla, uko sawa. Fito ikiwa giza tupu, umebana. Zikizidi 20, kuna nafasi ya miche msimu ujao.

Kwa maharagwe ya katikati, H614D si rafiki. Panda siku moja na mahindi, aina zinazokomaa mapema, la sivyo kivuli kitayapata kabla ya maua. Kwa mwenye ng'ombe, mabua yake mengi ni faida ya kweli. Kwa mwenye shamba la wazi lenye upepo, au anayetaka miche 27,000 kwa ekari, atafute chotara fupi yenye majani ya kusimama, na aulize muuzaji kimo cha gunzi kabla ya kulipa.

Alama: 4 kati ya 5 kwa nafasi ya 75 kwa 30, 2 kati ya 5 ikisongamana.