AI Overviews na AI Mode za Google: nimezipima kwenye kazi za wateja wangu, haya ndo maoni yangu

Wadau wa masoko ya mtandaoni habari zenu. Nimekaa na hivi vitu muda wa kutosha, saivi naweza kuongea. Naongelea yale maelezo ya AI yanayotokea juu kabisa ukigugo kitu, ndo AI Overviews hayo, pamoja na AI Mode ambayo unaiuliza Google kama unachati na mtu. Mi nasimamia websaiti na matangazo ya biashara ndogondogo, mmoja yuko Moshi anapandisha wageni Kilimanjaro, mwingine fundi sofa wa Keko hapa Dar, kwa hiyo nachosema kinahusu biashara za namna hiyo, wenye maduka makubwa ya mtandaoni mtaniongezea.

Kwa mtu anayetafuta sina ubishi, kitu ni kizuri. Nilijifanya mgeni, nikauliza kwa Kiingereza: sijawahi kupanda mlima, nina siku nane tu, nipite njia ya Machame au ya Lemosho? Zamani swali hilo ungelikatakata ukafungua kurasa kibao, AI Mode inalikata yenyewe, inatafuta vipande vyote kwa mpigo afu inakuletea jibu moja na linki pembeni, kwamba Machame watu wanatumia siku 6 au 7, Lemosho 7 au 8, na ukiongeza siku mwili unapata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi ya kule juu. Nikamsomea mwongoza wageni wa mteja wangu, mtu wa mlima miaka mingi, akasema hapo hawajakosea. Ila tusisahau Mei 2024 ilipofunguliwa rasmi Marekani ilivyowaambia watu watie gundi kwenye piza ili chizi isidondoke. Imenyooka sana toka kipindi kile, lakini mambo ya bei, viza na afya mi bado nafungua linki nisome chanzo mwenyewe.

Sasa njoo upande wetu. Lile jibu la Machame na Lemosho ndo posti yenyewe niliyokuwa nalipwa kuiandika! Miaka yote tumewaandikia wateja makala za msimu mzuri wa kupanda, njia ipi rahisi, ubebe nini, mgeni anaingia kwa hiyo makala afu anaona namba ya simu anaulizia safari. Saivi anasoma juu pale pale anamaliza. Pew Research Center walifuatilia watu wazima 900 Marekani, data za Machi 2025, wakakuta ukurasa ukiwa na muhtasari wa AI watu wanabofya linki ya kawaida mara 8 kwa kila 100, usipokuwa nao ni mara 15, na linki zilizomo ndani ya muhtasari wenyewe zinabofywa mara 1 tu kwa 100. Kwa hiyo anayemwambia mteja "usijali, tumetajwa ndani ya AI" amuonyeshe na hiyo namba.

Kinachoniuma zaidi ni ripoti. Search Console, yaani ripoti ya Google inayomuonyesha mwenye websaiti anavyoonekana kwenye utafutaji, inachanganya kila kitu, AI Overviews, AI Mode na linki za kawaida vyote viko kwenye fungu moja la web, mpaka naandika hapa hamna kichujio cha kuvitenganisha, na linki zote zilizo ndani ya muhtasari mmoja zinahesabiwa nafasi ile ile. Yani unaona impreshoni (mara ulizoonekana) na klik (mara ulizobofywa) lakini huwezi kusema zimetokea wapi, afu mteja ndo anataka ajue hicho. Ongeza na Septemba 2025, Google walipoondoa ule uwezo wa kuita matokeo 100 kwa ukurasa mmoja, ambao programu nyingi za SEO (kazi ya kuifanya websaiti ionekane Google) zilikuwa zinautumia, impreshoni za websaiti nyingi zikaporomoka kwa sababu roboti za hizo programu hazikuwa zinafika tena kurasa za nyuma. Mama wa Moshi akanipigia usiku anadhani biashara imekufa, nikakaa naye kwenye simu nikamuonyesha klik ziko vile vile. Mwenye grafu yenye korongo kipindi hicho asimfukuze mtu wake wa SEO kabla ya kuangalia klik.

Na kuna hili lazima niliseme. Fundi wangu wa Keko alifuatwa na kampuni moja, jina nabaki nalo, wakamwambia laki sita wanamuingiza ndani ya AI, akatoa nusu, walichofanya ni kupandisha faili moja kwenye websaiti yake basi. Ile ni hela ya mbao na sponji jamani. Google wenyewe wameandika wazi kwenye miongozo yao kwamba hakuna faili la pekee wala code ya pekee ya kuingia AI Overviews, ukurasa uwe umeindeksiwa (umeingia kwenye orodha ya Google) na unaruhusiwa kuonyeshwa na maelezo mafupi, inatosha. Na kwa wanaotaka kutoka, kuzuia Google-Extended (ile ya kukataa kurasa zako zisifundishie AI ya Gemini) hakukutoi humo, inayokutoa ni nosnippet, amri ya kwenye ukurasa inayokataza Google kuonyesha maelezo yake, ila nayo inafuta na yale maelezo chini ya linki yako ya kawaida, kwa hiyo mi siigusi.

Nilichobadilisha: Moshi tumeacha makala za jumla. Mwongoza wageni ananitumia voisi akishuka mlimani, mvua ya Novemba ilivyowakuta getini, mpishi alipika nini kambi ya Karanga, mgeni aliogopa wapi pale ukuta wa Barranco na alisaidiwaje, mi naandika kama alivyosema na picha zake. Bei tunaichambua, ada za hifadhi ngapi, mshahara wa wapagazi ngapi. Mgeni anayetaka kumkabidhi mtu maisha yake siku saba hayo anayatafuta, na anafungua ukurasa. Keko ni rahisi zaidi, nikitafuta fundi sofa Keko bado ramani ndo inanijia mbele, kwa hiyo nguvu yote iko Business Profile, ule ukurasa wa biashara unaotokea Google na kwenye ramani yake, picha za sofa zilizotoka wiki hii, bei, maoni ya wateja, namba ya simu inayopokelewa. Chati ya mule ndani ilifungwa Julai 2024 so simu ndo kila kitu. Ripoti zangu saivi zinaanza na simu na meseji za WhatsApp, na kila anayepiga anaulizwa umetupatia wapi, inaandikwa kwenye daftari.

Nyota: kwa anayetafuta nawapa 4 kati ya 5. Kwa sisi tunaofanya masoko 2, moja nimeikata kwa klik na mbili nimezikata kwa Search Console, hizo mbili nazirudisha siku wakitenganisha hiyo ripoti.