Tahadhari: anayeuza nundu ya mninga "iliyonyweshwa rezini" kwa mipini ya nyembe

Wadau wa visu na nyembe za kukunja, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na vipande vya nundu ya mninga (uvimbe wa shina la mti, wenye michoro iliyojisokota), vimekatwa jozi jozi tayari kwa mpini. Anasema vimekaushwa na kunyweshwa rezini, yaani gundi ya maji inayoingia mpaka ndani ya mbao na kuganda humo. Si kweli. Ni mbao mbichi iliyopakwa vanishi nzito. Ukurasa anaubadilisha kila akibanwa, ila mchezo ni uleule, kwa hiyo naueleza huo mchezo.

Najua kwa sababu mali yake inaishia mezani kwangu. Mteja anakuja na jozi aliyoilipia bei ya mali iliyokamilika, anataka nimfungie wembe wa marehemu babu yake. Jozi ya mwisho ilikuwa ya bluu, macho ya nundu yanameta kwelikweli. Nikapitisha msasa namba 120 pembeni, mara chache tu. Bluu ikaisha, ikabaki mbao ya kahawia, na vumbi likawa linagandana kwenye msasa kama unga uliolowa. Rangi iliyoingia pamoja na rezini haiondoki kirahisi hivyo, inakufuata mpaka ndani.

Kwenye samani ungevumilia. Kwenye wembe haiwezekani. Nyuzi za nundu hazina mwelekeo mmoja, ndiyo maana inapendeza, na ndiyo maana ikikauka kila upande unavuta kwake. Sasa kila ubao wa mpini una unene wa milimita 3 hivi, umeshikwa na pini za shaba tu na kabari mkiani, na makali yanatakiwa yalale katikati bila kugusa popote. Ubao ukijipinda kidogo, kila unapofunga wembe makali yanagonga mbao na kumeguka. Utalijua pengo hilo likishafika shavuni.

Kunywesha rezini ni kazi. Mbao inakaushwa kwanza kwenye oveni, inazamishwa kwenye rezini ndani ya chombo kinachovutwa hewa, povu linatoka kwa saa nyingi, inaachwa iendelee kunywa, ndipo inarudi kwenye oveni kwenye nyuzi joto 90 na kitu ili rezini igande. Huyu bwana unalipa asubuhi, jioni anakwambia "ya kwako imetoka kunyweshwa".

Halafu ana video yake ya mizani, "ona ilivyo nzito, imejaa rezini". Maji nayo ni mazito! Dai akutumie video akikata kipande mbele ya kamera, uone ncha iliyokatwa. Michoro ya nundu lazima iendelee mpaka kwenye ncha. Ikiishia juu, hiyo ni vinia, ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu ya mbao nyingine. Na ukishapokea mzigo, chonga kibanzi, kipime kwenye mizani ndogo ya sonara, kiache kwenye oveni nyuzi 100 usiku mzima, upime tena. Kikipungua sana, ulinunua maji. Yeye video ya kukata hatumi, anasema ataharibu mali. Pesa yote anataka kwa simu kabla. Na baadhi ya picha zake ni za amboyna, ndugu wa mninga kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, yeye anaziita za Tabora.

Walio Ulaya na Ghuba wanaambiwa kibali hakihitajiki. Muongo. Mninga wa Afrika uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mkutano wa 2022, na mbao ya orodha hiyo haivuki mpaka bila kibali. Mbao iliyopasuliwa ikifika forodhani bila karatasi inakamatwa, na pesa hairudi.

Kama tayari unayo jozi yake, usiifunge kwenye wembe. Kwangua vanishi pande zote, weka vijiti kati ya mbao hizo mbili hewa ipite, ziache kivulini na uzipime kila wiki mpaka uzito utulie. Zikinyooka bado zitafaa kwa mpini wa kisu. Na risiti ya malipo pamoja na mazungumzo yenu vitunze, polisi watavihitaji.