Kliniki ya Usingizi Iliyomhudumia Baba: Tathmini Yangu

Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa akipiga mayowe usiku na kurusha ngumi, nasi tulidhani ni jinamizi tu hadi alipoanguka kutoka kitandani, ndipo tukampeleka katika kliniki ya magonjwa ya usingizi. Daktari alianza kwa kumhoji mama, jambo nililolithamini sana, kwa kuwa anayelala kando ya mgonjwa huona yale ambayo mgonjwa mwenyewe hayajui. Aliuliza vituko hivyo hutokea saa ngapi, kama baba huikumbuka ndoto anapoamshwa, na dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za sonona huweza kuchochea hali hiyo.

Alitufafanulia kwamba vitisho vya usiku vya watoto, yaani mtoto kupiga mayowe kwa hofu akiwa bado usingizini, hutokea katika usingizi mzito, mapema usiku, ilhali mzee anayeigiza ndoto zake kuelekea alfajiri hushukiwa kuwa na ugonjwa ambao misuli hailegei wakati wa ndoto, na ambao huweza kutangulia kwa miaka mingi ugonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili. Kauli hiyo ilituumiza, lakini nashukuru kwamba hatukufichwa.

Kipimo cha usiku mzima, kilichorekodi mawimbi ya ubongo, pumzi na misuli, kilithibitisha shaka yake. Baba alipewa melatonini, yaani homoni ya usingizi, nasi tukashauriwa kutandika godoro sakafuni na kuondoa vitu vyenye ncha kali. Kasoro yao ni kwamba tulisubiri kipimo kwa wiki sita, na katika muda huo wote hakuna aliyetuambia jinsi ya kumkinga asiumie.