Jiko la magunzi: miezi minane kwenye kibanda changu cha chakula, Uyole Mbeya

Nalitumia tangu Juni. Kwa chai na ugali sirudi tena kwenye mkaa. Kwa maharage, tuongee.

Ni jiko la bati la fundi wa Mwanjelwa, nililipa elfu thelathini na tano. Ndani lina kopo refu lenye matundu chini na mengine juu karibu na ukingo. Unalijaza magunzi yaliyokatwakatwa, halafu unawasha kwa juu. Hapo mama mkwe alinicheka sana. Lakini moto ukishika unashuka polepole, na kwa kuwa hewa ya chini ni kidogo, magunzi hayateketei, yanatoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na hewa ya matundu ya juu ndipo inawaka. Ukichungulia unaona vindimi vya moto vinachomoza pembeni kama jiko la mtungi.

Aliyeniuzia alisema, "Dada, hili linakula chochote." Si kweli. Nilibeba kiroba cha pumba za mpunga kutoka mashineni Igurusi, nikajaza. Ulitoka moshi mweupe mzito, mteja mmoja akahama na sahani yake. Pumba hujibana, hewa haipiti. Zinataka jiko lenye feni. Majivu yake nayo ni mengi, karibu moja ya tano ya uzito wake.

Novemba mvua zilipoanza nikajifunza jingine. Gunzi linaweza kuwa kavu nje na bichi ndani. Siku hizi navunja moja kwanza: likilia ka!, napakia, likibonyea kimya, linarudi darini.

Sasa maharage. Kopo moja linakwenda kama dakika hamsini, na huwezi kuongeza magunzi katikati, ukijaribu linafuka moshi. Nilikaribia kuliuza. Kumbe dawa ilikuwa humo humo: vindimi vikikata, koponi unabaki mkaa mwekundu wa magunzi. Naumimina kwenye jiko langu la zamani la mkaa, nainjika maharage yaliyolowekwa usiku, yanamalizikia hapo. Ni mwepesi na unaisha haraka, ila yanaiva. Siku ya wali nauzima kwa maji, nautunza.

Na jamani, baridi ya Uyole ya Julai mnaijua. Msiliingize chumbani mkaota. Moto wa juu ukizimika gesi inaendelea kutoka, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mimi natumia nje tu, chini ya bati.

Gharama ya mkaa imeshuka, nilikuwa namaliza gunia kwa wiki mbili, sasa linafika mwezi na zaidi. Ila mwaka jana majirani wakipukuchua mahindi walinibembeleza niwaondolee magunzi uani. Sasa wameona jiko linavyowaka, wanataka buku kwa kiroba, na kuchagua makavu hawaruhusu.